Sanduku likishafungwa

Vikao vya vikoba vya huku kwetu Mbagala huanza kwa ukali. Aliyechelewa hutoa faini kabla hajakaa. Washika funguo watatu hufungua sanduku, kila mmoja kufuli yake, na mweka hazina huhesabu fedha kwa sauti watu wote wakisikia. Vitabu hugongwa mihuri, hisa moja muhuri mmoja. Wenye marejesho hurejesha, wanaotaka mkopo husimama na wadhamini wao. Simu ikiita, faini nyingine. Sanduku likishafungwa, katibu husoma ajenda ya mwisho, mengineyo, na hapo ndipo watu hunyoosha miguu mkekani na chupa ya chai huanza kuzunguka.

Ukisoma muhtasari wa kikao utakuta ajenda hiyo imepewa mstari mmoja tu. Kwangu mimi ndiyo inayozishika familia nyingi za mtaa huu zisiyumbe, na nina wasiwasi kwamba tunaiachia ipotee.

Chukua habari ya friji. Mwenzetu mmoja anauza barafu za ubuyu na za maziwa. Anazifunga kwenye vifuko jioni, zinaganda usiku, na asubuhi watoto wa shule wanapita kununua. Ghafla barafu zikagoma kuganda. Alfajiri akifungua friji anakuta uji. Akaita fundi, fundi akajaza gesi, akalipwa, barafu zikawa vilevile. Fundi wa pili akamwambia kompresa imechoka, atafute friji nyingine. Siku hiyo alikuja kikaoni kuomba mkopo wa friji, na kwa kuwa fedha za kukopesha hazikutosha, akaambiwa asubiri zamu ijayo. Kwenye mengineyo akasimulia yote, machozi yakimlengalenga, maana ada ya chekechea ya mwanawe inatoka kwenye barafu hizo.

Mama mmoja mtu mzima akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza: "Mwanangu, nyumbani kwako kuna mgeni gani siku hizi?"

Mgeni alikuwa mama mkwe. Alikuja kutoka Nachingwea kwa ajili ya kliniki ya presha, kliniki zikawa za kila mwezi, na kidogo kidogo akawa mkazi. Ikaja kugundulika kwamba bibi wa watu alikuwa akiamka usiku kwenda msalani, anapita jikoni, anasikia friji inanguruma, anaizima ukutani ili uniti za LUKU zisiishe bure. Alfajiri akiamka kuswali anaiwasha. Alikuwa anamsaidia mwanawe kubana matumizi, na hakuona sababu ya kulitangaza jambo dogo kama hilo. Yule mama aliyeuliza alilijua kwa sababu mama yake mwenyewe, alipohamia kwake, alikuwa akichomoa kila kilichochomekwa.

Swali moja likaokoa mkopo mzima. Na kilichofuata ndicho nilichokipenda zaidi. Dada yule alitaka kwenda kumwambia mumewe amkanye mama yake. Wenzake wakamzuia. Wakamwambia usimpeleke mtu mzima kwenye kesi ya friji, mpe kazi. Leo mama mkwe ndiye anayefunga vifuko vya barafu jioni, anajua vipo vingapi na vitaingiza shilingi ngapi, na hakuna tena anayegusa swichi ile. Hata msamiati wa nyumba umebadilika. Zamani bibi alisema "friji yenu". Sasa anasema "barafu zangu".

Mwenzetu huyo angelibeba jambo hili peke yake angeingia kwenye deni la friji asilolihitaji, na siku ukweli ungejulikana angekuwa na deni na ugomvi na mkwe kwa pamoja.

Utaratibu wa sanduku lenye kufuli tatu una historia. Mizizi yake iko Niger, mkoa wa Maradi, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilifanya kazi na wanawake wa vijijini waliokuwa wakiweka akiba pamoja. Ulipofika kwetu ulikuta akina mama wanacheza upatu tangu enzi za bibi zao, kwa hiyo haukuhitaji maelezo mengi. Ndani ya vikundi hivi kuna fedha za kukopesha, na pembeni yake kuna mfuko wa jamii, mdogo, ambao kila mwanachama huuchangia kiasi sawa kila kikao. Fedha zake hutolewa kwa msiba, kwa kulazwa, kwa kujifungua, bila riba. Mantiki yake ni nzuri sana: msiba usije ukala hisa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipovitaka vikundi vijisajili na kuwa na katiba, wengi tuliandika hayo matatu au manne, tukapiga mihuri.

Lakini maisha ya nyumbani hayaishii kwenye msiba na hospitali. Katiba haina kifungu cha mama mkwe aliyehamia, wala cha gesi iliyoisha wakati pilau ya arobaini ya mtoto ipo nusu na wageni wameshavua viatu. Wala cha kijana aliyepata ajira Dodoma akaondoka na simu ambayo ndiyo iliyokuwa na namba ya bodaboda wa maji. Hayo hayana fomu. Yanaingia kikaoni kwa mdomo wa mwenyewe, basi.

Mwezi wa kwanza ndio wenye mengi. Ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa tangu Januari 2016, na ilikuwa nafuu kubwa, lakini mtoto aliyepangiwa bweni bado anapewa karatasi ndefu ya mahitaji: godoro, mashuka, ndoo, fyekeo, rimu ya karatasi, tranka na kufuli yake. Kwenye kikundi chetu kuna tranka moja la bati, rangi ya kijani, ambalo limeshasoma shule kadhaa. Ubavuni jina la mtoto wa kwanza limeandikwa kwa rangi nyeupe na kidato chake. Juu yake likapakwa rangi, likaandikwa jina la pili, la mtoto wa familia nyingine, na ukilisogeza juani jina la kwanza bado unalisoma kwa chini. Sasa lina jina la tatu. Bawaba moja imefungwa kwa waya. Hakuna aliyepanga liwe la kikundi. Siku moja kwenye mengineyo mama mmoja alisema amebakisha tranka na godoro tu na fedha zimekwisha, na mwingine akasema lake liko chini ya kitanda, limejaa nguo za kufumwa za mtoto ambaye sasa anaota ndevu, njoo ulichukue.

Huyohuyo mwenye mtoto bweni ndiye aliyetuma fedha za matumizi kwa namba isiyo yake. Tarakimu mbili za mwisho zilipishana. Alikuwa kwenye daladala, amesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Jina la mpokeaji lilitokea kama linavyotokea siku zote kabla ya kuweka namba ya siri, hakulisoma. Alipiga huduma kwa wateja palepale, kabla ya kumpigia yule mgeni, na fedha zikazuiliwa kabla hazijatolewa, zikarudi baadaye. Tangu tuanze kutumiana fedha kwa simu mwaka 2008, jambo hili limewapata watu wengi, na karibu kila mmoja huwa analifikiria kuwa ni uzembe wake wa pekee, analificha. Aliposimulia, wengine wakajitokeza. Mmoja alikuwa amempigia kwanza aliyepokea, kwa upole, akimwomba arudishe, na mpokeaji akakata simu akaenda kwa wakala. Kila aliyekuwepo siku hiyo aliondoka anajua aanzie wapi.

Niseme sasa la fundi wetu wa samani. Ninalisimulia kwa ruhusa yake na ya binti yake.

Kikundi chetu kina wanaume wachache, na yeye ni mmoja wao. Alifiwa na mkewe, akabaki na watoto wanne, wa kike mmoja tu. Jumamosi moja alikaa kimya mpaka chai ikaisha, kisha akasema ana shida nyumbani na hajui aisemeje. Binti yake wa miaka 12 hajatoka chumbani tangu jana, tumbo linamuuma, hataki kula, hataki kusema, na akimgongea mlango anamjibu, "Baba, niache tu." Alilisema akiangalia mikono yake. Wanawake wote kikaoni walielewa kabla hajamaliza sentensi. Wawili wakainuka. "Kaka, wewe kaa hapa na wenzako, umalize maji yako. Sisi tunatangulia." Wakapitia dukani wakanunua pedi na sabuni, wakaenda.

Pwani hii msichana akivunja ungo alikuwa na somo, mwanamke aliyechaguliwa na familia ili amfundishe usafi, adabu na mambo ya utu uzima, na uhusiano wao ulidumu mpaka siku ya harusi na kuendelea. Mama mzazi hakupaswa kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Aibu ilikuwa kati yao. Utaratibu ule ulitegemea kwamba shangazi anakaa nyumba ya pili na bibi yuko uani. Kwa binti huyu shangazi yuko Tanga na bibi amezikwa Kilwa. Mmoja wa wale wawili ndiye somo wake leo. Baba alikwenda kumwomba rasmi, amevaa kanzu, na doti ya kanga mkononi, kama inavyotakiwa. Mwanamke yule ni Mngoni, Mkristo, hana asili na mila hiyo ya pwani, na aliipokea ile kanga kwa mikono miwili.

Mfuko wa jamii haukutoa hata shilingi siku hiyo. Lakini bila mengineyo baba yule asingelikuwa na pa kulisema. Kwa ndugu wa kiume angeona haya, kwa mwalimu angechelewa, na binti angejifunza kwa wenzake wa rika lake yaliyo sawa na yasiyo sawa yakiwa yamechanganyika.

Sitaki kusema kwamba kila linalosemwa mkekani huishia vizuri. Kuna mwenzetu alisimulia kwamba mwanawe amepata sifuri kidato cha nne na amejifungia ndani. Alisimulia Jumamosi. Jumatatu aliulizwa habari hiyo buchani, mbele ya watu, na mtu ambaye si mwanachama. Hatukumjua aliyeitoa. Tuliweka faini kwa anayelitoa nje jambo la kikaoni, kubwa kuliko ya kuchelewa, na mwenyekiti alikwenda kwake kumwomba radhi kwa niaba yetu sote. Bado anakuja, ananunua hisa zake, anarejesha mkopo wake kwa wakati. Sanduku likifungwa anachukua mkoba wake anaondoka. Jeraha hilo ni letu na halijapona.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba mazungumzo haya yatahamia tu kwenye kundi la simu. Vikundi vingi mjini sasa vinakusanya fedha kwa simu na vingine havikutani kabisa mpaka siku ya mgao mwezi Desemba. Kwa fedha ni jambo jema, nalisema wazi. Nyumba inayolala na sanduku wiki ya mgao hailali usingizi. Lakini kwenye kundi la simu utaona risiti, "nimetuma", "imepokelewa", vidole gumba na salamu za Ijumaa. Hutaona fundi samani akiandika habari ya binti yake mbele ya watu 30, kwenye maneno yanayoweza kunakiliwa na kufika Mwanza kabla ya magharibi. Na hata angeandika, nani angeona kwamba ameangalia mikono yake?

Kikundi chetu kimekubaliana fedha zitumwe kwa simu, kukutana kubaki palepale mara moja kwa mwezi, na asiyefika atoe faini hata kama hisa zake zimeshaingia. Wachache walipinga. Walisema ni kupoteza Jumamosi. Nawaomba makatibu wa vikundi vingine walifikirie jambo hili: andikeni mengineyo na saa yake pembeni, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja, kama mnavyoiandikia mikopo.

Kikao kilichopita saa hiyo haikutosha. Mwenzetu ambaye mumewe amestaafu utumishi wa umma, ametimiza miaka 60, alituambia kwamba mzee yuko nyumbani tangu asubuhi mpaka usiku na ameanza kukagua jiko. Anauliza sukari ya juzi imekwenda wapi. Amehamisha sufuria zote kwenye rafu ya juu kwa sababu ndivyo walivyopanga mafaili ofisini. Mke anampenda mumewe, na alilisema hilo mara mbili, lakini miaka yote nyumba hiyo mchana ilikuwa yake. Mama mmoja akasema wake alipostaafu alianza kufuga kuku wa mayai na amani ikarudi. Mwingine akaonya kwamba mafao yasikimbiliwe na miradi, kwanza mzee apumzike, maana watu wenye maneno matamu huwafuata wastaafu mapema. Fundi samani akasema mwanaume hajui kukaa bila kuulizwa kitu, mleteni awe mkaguzi wa vitabu vyetu, kazi aliyoifanya serikalini ndiyo hiyohiyo. Adhana ya magharibi ikatukuta bado tunajadili kama akubaliwe bila kununua hisa.

Tumeiahirisha. Itaendelea mwezi ujao, na watu wameambiwa wawahi, kwa kuwa mume wa mwenyekiti naye anastaafu mwezi wa sita.