Kabla ya Kununua Usingizi wa Kopo

Ndugu msomaji, yawezekana hata wewe, katika usiku mmoja wa kuhesabu boriti za dari huku jogoo wa jirani akikaribia kuwika, umewahi kutamani usingizi uuzwe dukani kama sukari, upimiwe robo kilo na kurudi nao nyumbani. Wafanyabiashara wameijua hamu hiyo tangu zamani. Siku hizi wanaiuza katika makopo yaliyopambwa kwa picha ya mwezi na nyota: unga wa kukoroga katika maji au maziwa ya moto, wenye ladha ya kakao au ya matunda, unaonywewa kama saa moja kabla ya kulala. Mengi ya makopo hayo hutoka Marekani na Uingereza, na kwetu huingia kwa kuagizwa kwa njia ya intaneti, au ndani ya sanduku la jamaa arudiye likizo. Na mengi yake hujisifu, kwa herufi kubwa, kwa kitu kisichokuwamo: hayana melatonini.

Yafaa tuyazungumze makopo hayo katika ukurasa huu, kwa kuwa bei yake si ndogo, na kwa kuwa ayanunuaye aghalabu ni mtu aliyechoka. Mtu aliyechoka huwa mwepesi wa kuamini.

Kwanza tuulize melatonini ni kitu gani, hata kutokuwamo kwake kuwe sifa. Ni homoni itolewayo na tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo mara giza linapoingia, mithili ya mpiga mbiu anayeutangazia mwili kwamba usiku umefika. Mwanga humnyamazisha mpiga mbiu huyo. Daktari Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliitenga homoni hiyo mwaka 1958 kutoka katika tezi za ng'ombe. Uingereza huitoa kwa cheti cha daktari. Marekani huuzwa rafuni, na mara nyingi kwa umbo la peremende. Hapo ndipo matatizo yalipoanzia. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walipima aina 25 za peremende hizo wakakuta 22 hazilingani na maandishi yake: nyingine zilikuwa na asilimia 74 ya kiasi kilichoandikwa, nyingine asilimia 347, na moja haikuwa na melatonini hata chembe. Kuhusu watoto, taarifa za waliomeza melatonini zilizofikishwa kwenye vituo vya kushughulikia sumu vya nchi hiyo zilipanda kutoka 8,337 mwaka 2012 hadi 52,563 mwaka 2021.

Basi hofu ya wanunuzi ina msingi, na wauza makopo wameipokea kwa mikono miwili. Lakini angalia, msomaji, jinsi hoja inavyoteleza hapa. Kutokuwamo kwa kitu kimoja hakutuambii lolote juu ya vile vilivyomo. Unga huo umewekwa rafu ile ile na kuuzwa chini ya sheria ile ile ya mwaka 1994, ambayo haimlazimishi mtengenezaji kuithibitishia serikali, kabla ya kuuza, kwamba bidhaa yake inafanya kazi. Tena baadhi ya makopo hutiwa unga wa cheri chachu, tunda ambalo lenyewe lina melatonini kidogo ya asili! Sijui niite hiyo kusahau au ujanja.

Historia nayo ina onyo lake. Mwaka 1989 watu wengi Marekani walikuwa wakinunua triptofani, kijenzi cha protini kilichomo hata katika maziwa, ili walale vizuri. Ghafla wakaanza kupatwa na maumivu makali ya misuli na kuongezeka mno kwa aina moja ya chembe nyeupe za damu. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwa kiwanda kimoja cha Japani ambacho bidhaa yake ilikuwa imechafuka. Wagonjwa walizidi 1,500 na waliofariki wakawa 37 au zaidi. Nao walidhani wanatumia kitu cha asili, kisicho dawa.

Sasa tufungue kopo lenyewe. Kiungo kikuu katika mengi yake ni magnesiamu, madini ambayo mishipa ya fahamu na misuli huyahitaji kweli kweli. Mara nyingi huwa imefungamana na glisini, na hapo ndipo macho ya mnunuzi yanapotakiwa kuwa makali. Gramu moja ya mfungamano huo, yaani miligramu 1,000, ina takriban miligramu 140 tu za magnesiamu yenyewe. Kopo linaloandika namba kubwa bila kusema ni ya kitu gani lirudishwe rafuni. Mwanamke mzima huhitaji miligramu 310 hadi 320 kwa siku kutoka katika vyakula vyote, na mwanamume 400 hadi 420. Konzi ndogo ya mbegu za maboga zilizokaangwa, gramu 28 hivi, ina miligramu 156. Korosho za uzito huo zina 74. Na maharage, mboga za majani na ugali wa dona navyo huchangia. Kwa hiyo nyumba yenye vyakula hivyo mezani haina upungufu wa kutisha wa kuzibwa kwa fedha za kigeni.

Je, magnesiamu huleta usingizi? Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2021 yalikusanya majaribio matatu tu, yenye wazee 151 kwa jumla. Waliopewa magnesiamu walisinzia mapema kwa dakika 17 hivi kuliko wenzao, lakini waandishi wenyewe walikiri kwamba ubora wa ushahidi ni hafifu. Dakika 17 si haba kwa mtu anayeteseka. Ila si miujiza inayochorwa kwenye kopo.

Vingine nitavipita upesi. Theanini hutoka katika jani la chai, na Wajapani waliitambua mwaka 1949; yasemekana hutuliza mawazo, lakini kutulia si kulala. Glisini ilijaribiwa Japani kwa gramu 3 kabla ya kulala, katika vikundi vidogo sana vya watu. Kamomili, ua la chai ya bibi wa Kizungu, lilijaribiwa kwa watu 34 wenye tatizo la usingizi, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, na halikuonyesha tofauti ya maana. Mzizi wa ashwagandha kutoka Bara Hindi una dalili fulani za kusaidia, lakini umehusishwa na madhara ya ini kwa baadhi ya watumiaji, na Denmark iliupiga marufuku mwaka 2023. Ukiuona katika orodha, hasa ikiwa una mimba au ini lako si zima, acha.

Wale wenye umri wangu watakumbuka kwamba kinywaji cha usiku si uvumbuzi wa leo. Ndugu wawili wa Kiingereza, William na James Horlick, walihamia Marekani, na mwaka 1883 wakapata hataza ya unga wao wa maziwa na kimea. Ovaltine ilianza Bern, Uswisi, mwaka 1904. Makopo ya aina hiyo yalikaa katika kabati nyingi za pwani na bara huku kwetu. Katika miaka ya 1930 matangazo ya Horlicks huko Uingereza yaliwaeleza watu kwamba wanaamka wamechoka kwa sababu ya maradhi yaitwayo "njaa ya usiku". Maradhi hayo hayamo katika kitabu chochote cha tiba. Yalibuniwa na waandishi wa matangazo, dawa ikiwa imekwisha kutangulia.

Pamoja na hayo, wanasayansi wa Edinburgh hawakukidharau kikombe hicho. Mwaka 1972 Brezinová na Oswald walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wa makamo waliokunywa Horlicks wakati wa kulala walipata usingizi usiokatika-katika, hasa katika sehemu ya mwisho ya usiku. Kisha, mwaka 1980, Kirstine Adam wa mji huo huo akatoa jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingestahili kuandikwa juu ya kila kopo. Aligundua kwamba waliozoea kula au kunywa kitu kabla ya kulala ndio waliolala vema wakipewa kinywaji. Wasiozoea walilala vema zaidi bila kitu. Maana yake ni kwamba mwili ulikuwa ukidai mazoea yake.

Hilo ndilo linalofanya kulijaribu kopo kuwe kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mtu hulinunua katika wiki yake mbaya kabisa, na wiki mbaya kabisa kwa kawaida hufuatwa na wiki yenye afueni, kopo liwepo lisiwepo. Akishalinunua huanza kuzima taa mapema, huacha simu sebuleni, hukaa kimya na kikombe mkononi. Akipata usingizi, sifa zote huchukuliwa na unga.

Nililijaribu moja, la ladha ya kakao, lililoletwa na mpwa wangu kutoka Marekani, kwa utaratibu ambao nakupendekezea hata wewe. Wiki mbili za kwanza sikunywa kitu. Niliandika tu kila asubuhi katika daftari saa niliyolala, mara nilizoamka, na nilivyojisikia. Kisha mwenzangu akatayarisha mitungi miwili, mmoja wa unga ule na wa pili wa kakao ya kawaida yenye sukari kidogo, akawa ananikorogea saa tatu na nusu usiku bila kuniambia ni upi, wiki kwa wiki. Mwishoni tulilinganisha maandishi yake na yangu. Wiki zote za kikombe zilikuwa bora kuliko zile za mwanzo. Kati ya mtungi na mtungi sikuweza kutenganisha. Ushahidi wa mtu mmoja hauthibitishi jambo kwa umma, nawe waweza kupata jibu jingine. Lakini kwangu ulitosha kuamua bajeti ya mwezi uliofuata.

Mama mmoja ataniuliza: basi maziwa ya moto peke yake? Maziwa yana triptofani, ni kweli, lakini kikombe kina takriban miligramu 100 tu, ambapo majaribio mengi yalitumia gramu moja au zaidi. Kama yanakusaidia, ni kwa ujoto wake, kushibisha kwake na saa yake. Kunywa nusu kikombe, tena mapema, maana anayejaza tumbo maji saa nne usiku ataamshwa na kibofu saa nane. Na kabla ya kuongeza kitu, tazama kwanza cha kupunguza. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba miligramu 400 za kafeini, sawa na vikombe vinne hivi vya kahawa, hata zikitangulia saa sita kabla ya kulala, hupunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Chai ina kafeini kidogo kuliko kahawa, lakini vikombe viwili vizito pamoja na chakula cha usiku, katika nyumba ambayo watu hula saa tatu, si jambo la kupuuzwa.

Wapo ambao kopo haliwahusu kabisa. Mwenye ugonjwa wa figo asitumie magnesiamu ya kopo bila daktari, kwani figo dhaifu hushindwa kuitoa mwilini. Hata mwenye figo nzima, Wamarekani humshauri asizidishe miligramu 350 kwa siku kutoka katika virutubisho. Akizidisha, tumbo litamwendesha. Anayetumia doxycycline au ciprofloxacin ajue kwamba magnesiamu huikamata dawa tumboni isifanye kazi, hivyo amuulize mfamasia apishanishe kwa saa ngapi. Na wewe ambaye mumeo hukoroma kwa nguvu, kisha hunyamaza kimya, kisha hushtuka kama anayekabwa, usimkoroge unga wowote: hiyo ni dalili ya pumzi kukatika usingizini, nayo huudhuru moyo. Anayeamka mara nne kukojoa apimwe sukari. Anayeamka alfajiri kila siku akiwa na huzuni isiyoondoka anahitaji mtu wa kumsikiliza na daktari wa kumtibu.

Aliyekosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, amevuka mpaka wa vinywaji. Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri mwaka 2016 kwamba tiba ya kwanza kwake iwe ya kubadili mazoea na fikra, kabla ya kidonge. Misingi yake ni ya zamani. Richard Bootzin aliifundisha mwaka 1972: ingia kitandani ukiwa na usingizi tu, ukikaa kama dakika 20 bila kulala, toka, kaa kwingine penye mwanga hafifu hadi usinzie, amka saa ile ile kila siku, hata Jumapili, kitanda kisiwe mahali pa hesabu za ada wala ugomvi. Wiki ya kwanza utachoka zaidi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mafanikio huja katika wiki zinazofuata.

Na ukiamua bado kulinunua kopo, lisome kabla ya kulipa, andika juu yake tarehe uliyolifungua, usilichanganye na pombe wala dawa za usingizi, na uliweke rafu ya juu kabisa. Mtoto aliyeonja mara moja hajui habari za magnesiamu. Yeye anajua ni kakao.