Mashine ya salfa ikigoma kuwaka: nini kimeharibika, na kinatengenezekaje

Mwezi wa sita ukikaribia, mikorosho ya Ruangwa na Nachingwea huanza kutoa machipukizi na maua, na mashine za kupulizia salfa hutolewa zilikolazwa. Hapo ndipo wengi hukutana na balaa. Kamba inavutwa mara ishirini, jasho linatoka, mashine hailii. Nyingine inawaka kidogo kisha inazima. Nyingine kamba yenyewe haivutiki, imeganda kama imefungwa kwa msumari.

Msikilizaji wetu wa Likunja na vijiji vya jirani, makala hii inaeleza kwa nini mashine iliyofanya kazi vizuri mwaka jana inaweza kufa ikiwa imelala tu, namna ya kuitengeneza hatua kwa hatua, na namna ya kuilaza msimu ujao ili usirudie gharama hiyo.

Kwa nini siku chache zina thamani kubwa

Ubwiriunga ni ugonjwa wa ukungu. Hupenda majani machanga na maua, na hushamiri asubuhi za ubaridi na umande. Ukiingia kwenye ua, ua hukauka na kupukutika kabla ya kushika korosho. Salfa haifufui ua lililokwisha kufa. Kazi yake ni kulikinga ua kabla ukungu haujalishika, ndiyo maana hupuliziwa mapema na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hivi. Mashine ikikaa kwa fundi wiki tatu katikati ya uchanuaji, mkulima anakuwa amekosa mzunguko mmoja au miwili, na hasara yake ataiona mnadani.

Nchi yetu inalijua hilo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo bei ndogo na watu kuhamishwa mbali na mashamba yao, lakini ubwiriunga ulikuwa mmojawapo. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, ndio waliosaidia kueneza matumizi ya salfa kwa wakulima wa kusini, na mashine ya mgongoni ikawa chombo cha lazima kama jembe.

Mashine inaharibikaje ikiwa imelala?

Kupulizia huisha mwezi wa nane au wa tisa. Mara korosho zinaanza kudondoka, watu wanahamia kwenye kuokota, kukausha na kupeleka ghalani. Mashine inawekwa kona ya nyumba kama ilivyotoka shambani, petroli ikiwa ndani na salfa ikiwa imegandia kila mahali. Mwenyewe anasema ataisafisha kesho. Kesho inakuwa baada ya mnada, na baada ya mnada mvua zimeshaanza. Mashine inakaa hivyo karibu miezi tisa.

Katika muda huo mambo matatu hutokea. Kwanza, petroli huzeeka. Sehemu yake nyepesi huruka hewani, na kinachobaki hugeuka utando wenye kunata kama gundi, unaoziba vitundu vyembamba vya kabureta. Pili, vumbi la salfa hunyonya unyevunyevu wa masika na kutengeneza tindikali kidogo kidogo. Tindikali hiyo hula chuma, waya na viungo vya shaba. Tatu, ndani ya silinda oili hukauka, kutu inaanza, na ringi za pistoni zinaweza kushikana na ukuta wa silinda.

Wenzetu wa nchi za baridi wana tatizo la namna hiyo hiyo kwenye injini za boti. Majira ya baridi yakikaribia, hutakiwa kutoa maji yote yaliyobaki kwenye injini. Anayechelewa hukuta maji yamegeuka barafu, na maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Nguvu hiyo hupasua hata bloku ya chuma. Huku kwetu hakuna barafu, lakini ubaya wetu ni masika. Kwao na kwetu, injini huumia kwa sababu iliachwa na kitu ambacho kilipaswa kutolewa mapema.

Kabla hujashika spana

Fanyia kazi nje, mchana, mbali na jiko na mbali na mtu anayevuta sigara. Vumbi la salfa linashika moto, na likiwa limetanda hewani linaweza kulipuka. Petroli nayo unaijua. Funga pua na mdomo kwa barakoa, vaa miwani kama unayo, na watoto wakae mbali. Usikubali tangi lichomelewe likiwa bado lina salfa au harufu ya petroli.

Hatua ya kwanza: mafuta

Mwaga petroli yote ya zamani; usiiongezee mpya juu yake. Suuza tangi kwa petroli safi kidogo, kisha angalia mpira wa mafuta na chujio dogo lililo ndani ya tangi. Mpira uliokakamaa au kupasuka ubadilishwe, maana unaingiza hewa.

Changanya mafuta mapya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mashine au kitabu chake. Ikiwa kimeandikwa 1:25, kila lita moja ya petroli inataka mililita 40 za oili ya tustroki. Ikiwa ni 1:50, lita moja inataka mililita 20. Tumia kikombe cha kupimia dawa ya watoto au bomba la sindano. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa kumeua injini nyingi: oili ikipungua, pistoni inakatika na kushika, ikizidi, plagi inachafuka na moshi unajaa.

Hatua ya pili: plagi na cheche

Fungua plagi uitazame. Ikiwa imelowa mafuta, petroli inafika lakini haiwaki. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara nyingi, petroli haifiki, na tatizo liko kwenye kabureta au mpira. Ikiwa na masizi meusi, isafishe kwa brashi ya waya na kuifuta.

Kupima cheche, funga kwanza tangi na ufute petroli iliyomwagika. Rudisha plagi kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye chuma cha injini mbali na tundu la silinda, kisha vuta kamba. Shika kwa koleo yenye mpira, usishike kwa mkono mtupu. Cheche nzuri ni ya bluu na inaonekana wazi. Isipoonekana, jaribu plagi nyingine kabla ya kununua chochote kikubwa. Kisha kagua waya wa plagi na waya wa swichi ya kuzimia. Panya hupenda kutafuna nyaya hizo, na salfa hula viungo vyake. Mara nyingi kinachotakiwa ni kukwangua kutu na kukaza kiungo.

Hatua ya tatu: chujio la hewa na kabureta

Chujio likiwa limejaa salfa, injini haipumui. La sponji huoshwa kwa maji ya sabuni na kukaushwa kabisa. La karatasi hubadilishwa.

Kabureta ndiyo mgonjwa mkubwa wa mashine iliyolala. Ifungue juu ya sinia au kitambaa cheupe ili vipande vidogo visipotee, na upige picha kwa simu kila unapotoa kipande. Loweka vyuma vyake kwenye petroli safi, sugua kwa mswaki wa zamani, kisha puliza vitundu kwa pampu ya baiskeli. Usichokoe jeti kwa waya wala sindano. Kitundu kikipanuka hata kidogo, injini itakunywa mafuta vibaya na haitatulia tena. Kama kabureta yako ina utando wa mpira ndani, uguse: ukiwa mgumu kama karatasi, ununue mpya. Gasketi iliyochanika nayo ibadilishwe.

Hatua ya nne: nguvu ya silinda

Plagi ikiwa imefungwa, vuta kamba polepole. Unapaswa kuhisi kitu kinakupinga kisha kinaachia. Kamba ikija laini bila upinzani, huenda ringi zimeshikana au zimelika, au gasketi ya silinda imeharibika. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kamba isipovutika kabisa, usiilazimishe na wala usipige nyundo. Toa plagi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili ndani ya silinda, acha ilale usiku mzima. Kesho yake jaribu kuizungusha taratibu kwa mkono kwenye feni au kwa kamba. Ikisogea kidogo, ongeza oili na urudie. Kutu nyepesi huachia. Ikiachia, izungushe plagi ikiwa nje ili oili ya ziada itoke, ndipo uwashe. Isipoachia baada ya siku mbili au tatu, silinda ifunguliwe. Ukuta wake ukiwa na mikwaruzo mirefu unayoweza kuisikia kwa ukucha, ringi mpya peke yake hazitasaidia.

Hatua ya tano: feni, mpira wa kupulizia na ekzosi

Injini inaweza kuwaka vizuri lakini salfa isitoke. Kwangua salfa iliyogandia kwenye feni na kwenye njia yake kwa kijiti, si kwa bisibisi. Toa masizi kwenye tundu la ekzosi, maana likiziba mashine hukosa nguvu. Kama mashine yako ilikuja na mnyororo au waya mdogo unaoning'inia hadi chini, usiukate. Kazi yake ni kuteremsha ardhini umeme unaojikusanya salfa inapopita kwenye mpira, ili usitoe cheche.

Ukienda kwa fundi

Mweleze mashine ilivyoanza kuugua na ulichokwisha kukifanya. Patana bei ya ufundi kabla hajafungua, na umwombe akurudishie spea ya zamani anapoweka mpya. Akisema silinda na pistoni zote zimekwisha, ulizia bei ya vyote viwili pamoja na ufundi, uilinganishe na bei ya mashine mpya. Wakulima wanaopakana mashamba wanaweza pia kuchangia matengenezo ya mashine moja na kupangiana zamu, mradi zamu ziandikwe kabla ya maua.

Namna ya kuilaza

Kazi hii ni ya nusu saa, na ifanywe siku ile ile unayomaliza mzunguko wa mwisho.

Toa salfa yote kwenye tangi lake. Washa mashine bila salfa kwa dakika chache ili ipulize mabaki. Kisha zima injini, ikipoa mwaga petroli, halafu iwashe tena na uiache ilie mpaka izime yenyewe. Hapo kabureta itakuwa kavu. Ikipoa, futa vumbi lote. Fungua plagi, weka kijiko kimoja cha chai cha oili ya tustroki kwenye silinda, vuta kamba polepole mara tatu, rudisha plagi. Pangusa vyuma vya nje kwa kitambaa chenye oili.

Iweke juu ya ubao au meza, si kwenye sakafu ya udongo, na isikae pamoja na mifuko ya salfa, mbolea au chumvi. Ifunike kwa gunia linalopitisha hewa. Nailoni hufungia unyevu ndani. Mara moja kwa mwezi vuta kamba polepole ili pistoni isikae mahali pamoja.

Na isingoje maua ndipo itolewe. Ijaribu mwanzoni mwa mwezi wa tano. Ikigoma wakati huo, bado una wiki kadhaa za kutafuta spea Ruangwa mjini, Nachingwea au hata Mtwara, na fundi bado hana foleni. Ikigoma mikorosho ikiwa imeshachanua, ubwiriunga hautakusubiri upate kabureta.