Umepata Sarafu ya Shimo kwa Mkebe wa Kogo? Soma Hii Kabla Utume Hata Mbao kwa "Mnunuzi"

Cheki hii picha. Uko Kesses wikendi, kogo amekutuma stoo ukamtolee gunia. Nyuma ya majembe unapata mkebe wa Kimbo umejaa sarafu za kitambo. Za rangi ya shaba, zina shimo katikati, upande mmoja taji, upande mwingine pembe za ndovu. Moja imeandikwa 1936.

Unapiga picha, unaweka kwa status. Kabla chai ipoe, jamaa humjui amekuingilia inbox: "Boss, hiyo inaenda milioni mbili. Tuma ada ya usajili, thao na nusu tu, tukuunganishe na mzungu."

Simama hapo. Weka simu chini kwanza.

Kuna njia mbili za kulia hapa. Ya kwanza ni kutuma hiyo thao na nusu na jamaa akublock. Ya pili ndiyo mbaya zaidi, na watu hawaiongelei: kuuza kitu adimu kikweli kwa soo mbili kwa sababu haukujua unashika nini. Zote zina dawa moja. Lazima ujue mahali pa kucheki uadimu wa sarafu wewe mwenyewe, bila kungoja mtu akuambie.

Stori ya 1936 ilianzia wapi?

Sarafu ya 1936 ina stori tamu, na ndiyo maana makonmani wanaipenda. Mfalme Edward VIII wa Uingereza alikaa kwa kiti kuanzia 20 Januari hadi 11 Desemba 1936. Hata mwaka haukuisha. Alitaka kuoa mama wa Kimarekani aliyekuwa ameachana na waume wawili, wakubwa wakakataa, yeye akaamua bora aachie taji.

Kule Uingereza, sarafu zenye sura yake zilikuwa bado zinatayarishwa wakati alijitoa, kwa hivyo hazikutoka. Zile chache zilizobaki ni noma. Januari 2020, sovereign moja ya dhahabu yenye sura yake iliuzwa pauni milioni moja. Habari ikazunguka dunia nzima.

Sasa skiza tofauti. Sarafu za senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki hazikuwa na sura ya mfalme. Zilikuwa na taji na jina lake tu, EDWARDVS VIII. Hakukuwa na haja ya kungoja picha, kwa hivyo viwanda vilizigonga mapema, na vilizigonga kwa mamilioni. Babu zetu walinunua chumvi nazo. Leo ukicheki soko la wakusanyaji, nyingi zinaenda dola chache tu.

Stori ni ya ukweli. Bei ndiyo ya jaba.

Uzee si uadimu

Hapa ndipo wasee wengi huingia boksi. Tunafikiria kitu kikiwa cha kitambo lazima kiwe adimu. Zii.

Chukua mfano wa Zanzibar. Sultan Barghash alitoa paisa za shaba za mwaka 1299 wa Kiislamu, yaani karibu 1882, zenye picha ya mizani. Ziko nyingi hadi leo. Lakini mwaka 1908, wakati wa Sultan Ali bin Hamud, zilitoka sarafu za senti zenye picha ya mnazi. Hazikushika, nyingi zikarudishwa na kuyeyushwa. Kwa hivyo senti 10 ya 1908, ambayo ni mdogo kwa umri, ni ngumu kupata kuliko paisa ya Barghash iliyoitangulia kwa miaka zaidi ya 25.

Kwa hivyo ukishika sarafu, maswali ni matatu. Ziligongwa ngapi? Zimebaki ngapi? Na yako iko hali gani? Mtu akikupea bei bila kujibu hayo matatu, anakuchezea tu.

Wamarekani waliielewa hii mapema. Mwaka 1949, William Sheldon alitoa kitabu kuhusu senti za shaba za Marekani za zamani, zile za kuanzia 1793, kikiwa na kipimo cha uadimu kutoka R1 hadi R8. R1 ni ile ya kawaida, ziko zaidi ya elfu moja. R8 ni ile ambayo duniani kote zinajulikana moja, mbili au tatu. Hakupima kwa uzee, alipima kwa hesabu ya zilizobaki. Kipimo hicho bado kinatumika.

Soma sarafu yako kwanza

Kabla uingie mtandaoni, chukua sarafu, toka nje kwa jua, uangalie vitu vinne.

Kwanza, jina la nchi. "East Africa" si sawa na "East Africa & Uganda Protectorates", na zote mbili si sawa na "Mombasa". Paisa za Mombasa za 1888 zilitolewa na kampuni ya Imperial British East Africa, kabla Kenya iitwe Kenya.

Pili, mwaka na jina la mfalme, vyote viwili.

Tatu, herufi ndogo za kiwanda. H ni Heaton, Birmingham. KN ni King's Norton, pia Birmingham. SA ni Pretoria, na I ni Bombay, hizi mbili za wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Sarafu mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na bei tofauti kwa sababu ya herufi moja tu.

Nne, chuma chenyewe. Senti 1 za 1907 na 1908 ziligongwa kwa alumini. Zikaharibika vibaya kwa hali ya hewa ya huku, na kuanzia 1909 wakahamia mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ukipata ya alumini iliyobaki safi, usiiweke na zingine.

Kitu kingine: usioshe. Hakuna ndimu, hakuna jivu, hakuna Colgate. Mkusanyaji analipia ile rangi ya uzee. Ukiing'arisha, umeua bei kwa mikono yako.

Sasa mahali pa kucheki

*Numista.* Hii ni katalogi ya mtandaoni, ya bure, inafunguka hata kwa simu. Andika "East Africa 10 cents 1936" utaona picha, uzito, kipimo, idadi iliyogongwa na herufi za viwanda. Iko pia na alama ya uadimu kutoka 0 hadi 100, inayotokana na wanachama wangapi wanayo. Kumbuka tu, alama hiyo inapima mikebe ya wanachama wake, haijui mkebe wa kogo. Itumie kama mwanzo.

*Standard Catalog of World Coins.* Hiki ndicho kitabu kizito kama tofali ambacho wauzaji wa dunia wanakitumia. Kilianzishwa na Krause na Mishler mwaka 1972. Zile namba za KM unaona kando ya sarafu zinatoka hapa. Toleo la zamani bado linasaidia: bei zimepitwa na wakati, lakini idadi ya zilizogongwa haibadiliki sana.

*Ripoti za mwaka za Royal Mint.* Hapa ndipo mzizi. Kila mwaka kiwanda cha serikali ya Uingereza kiliandika kiligonga sarafu ngapi, za nchi gani. Ukiona katalogi mbili zinagongana, rudi huku.

*Bei za mnada zilizokamilika.* Hii ndiyo inatofautisha mjanja na fala. Mtu yeyote anaweza kuweka senti 10 mtandaoni akaandika dola elfu hamsini. Hiyo ni ndoto yake, si bei. Kwa eBay, chuja zile zilizouzwa tayari. Heritage Auctions nao wana kumbukumbu ya minada ya nyuma, unafungua akaunti bure. Angalia sarafu kama yako, hali kama yako, ililipiwa ngapi.

*Maktaba.* Kama uko Moi University pale Kesses, Margaret Thatcher Library iko hatua chache kutoka hosteli. Muulize mkutubi kuhusu East African Currency Board, bodi iliyoundwa 1919 kusimamia pesa za huku. Ukisoma historia yake utaelewa kwa nini sarafu za florini za 1920 ni ngumu kupata: mfumo wa florini ulidumu muda mfupi tu, 1921 shilingi ikachukua nafasi, na nyingi zikayeyushwa. Katalogi inakuambia ni adimu, historia inakuambia kwa nini. Ukiwa na zote mbili, hakuna mtu atakuzungusha.

Sheria nayo?

Wengi hawajui hii. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale. Huwezi kukitoa nchini bila kibali. Kwa hivyo paisa ya Mombasa ya 1888 haifai kutumwa ng'ambo kimyakimya ndani ya bahasha, hata kama mnunuzi ni wa ukweli. Zile za shimo za 1936 ziko upande huu wa huo mwaka.

Na yule wa inbox?

Mpe mtihani rahisi. Muulize: "Herufi ya kiwanda ni gani? Ziligongwa ngapi? Nionyeshe moja kama hii iliyouzwa." Konmani atakimbilia "muda unaisha" na "mzungu anasafiri kesho". Mnunuzi wa kweli atakuomba picha safi za pande zote mbili na uzito.

Na hakuna mnunuzi wa kweli anayekulipisha ili anunue kitu chako. Hakuna usajili, hakuna ada ya cheti, hakuna "bima ya kusafirisha" unatuma kwa M-Pesa. Yeye ndiye anataka, yeye ndiye atoe ganji.

Sasa rudi stoo. Pengine mkebe wote una thamani ya lunch ya watu wawili. Pengine kati ya zile hamsini za kawaida kuna moja iliyojificha. Utajua tu ukikaa chini, kalamu na daftari, moja baada ya nyingine. Na ukimaliza, muulize kogo alizipata wapi. Neno pesa lenyewe lilitoka kwa paisa ya Kihindi, na hela wanayosema Watanzania ilitoka kwa heller ya Mjerumani. Wazee wetu walizishika hizo sarafu zikiwa bado zinanunua kitu. Kogo anakumbuka ndururu ilinunua nini, na hiyo hakuna katalogi iliandika.

Usioshe sarafu, na usioshwe.