Ujira wa Mpwa: Mfanyabiashara Anapoajiri kwa Mara ya Kwanza

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya kupewa Utume aliwachungia watu wa Makka mbuzi kwa ujira, kisha akafanya biashara kwa mali ya Bibi Khadija (R.A.). Kwa hiyo tunapozungumzia mwajiri na mwajiriwa, tunazungumzia jambo ambalo Mtume wetu alilijua kwa jasho lake mwenyewe.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, tulipokuwa Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba mkoani Singida, alitujia ndugu mmoja baada ya Swala ya Ijumaa. Ana mashine ya kukamua alizeti. Alianza peke yake: yeye ndiye mpokea magunia, yeye fundi, yeye muuza mafuta na mashudu. Sasa kazi imemzidi, na anataka kuajiri vijana wawili. Alituuliza: “Sheikh, dini inanitaka niwape nini vijana hawa?”

Tukamuuliza kama hadi siku ile hakuwa na msaidizi yeyote. Akajibu kuwa yupo mtoto wa dada yake, aliyemsaidia kwa misimu mitatu. Analala kwake, anakula kwake, na kila Idi hushonewa kanzu. Mshahara hawakupanga. Siku ya kwanza alimwambia tu: “Wewe fanya kazi, mjomba nitakuona.” Sasa kijana anataka kuoa, na dada mtu ameanza kununa.

Hapo tukatambua kwamba ndugu yetu alikwisha kuwa mwajiri tangu misimu mitatu iliyopita, ila mwenyewe hakujua. Hili ndilo tunalotaka kulieleza leo, kwani limo katika nyumba zetu nyingi. Mfanyabiashara mdogo anapokua, mfanyakazi wake wa kwanza aghalabu ni mpwa, mdogo wake au mtoto wa jirani. Kwa sababu ya udugu, hakuna anayetaja ujira, na kwa sababu ujira haukutajwa, udugu wenyewe huja kuvunjika.

Wanazuoni wa Kishafii wameizungumzia hasa kauli kama ile ya mjomba. Wanasema mtu akimfanyia mwenziwe kazi bila ujira kutajwa kabisa, kauli mashuhuri ni kuwa hana madai. Lakini akiambiwa, “Fanya, nitakuridhisha,” basi ametumainishwa malipo, naye anastahiki ujira wa mfano, yaani kile wanacholipwa watu wengine kwa kazi kama ile mahali pale. “Nitakuona” ya Kiswahili haina tofauti na hiyo. Ni ahadi ya malipo ambayo kiasi chake hakikutajwa.

Je, chakula na kanzu za Idi si malipo? Vingeweza kuwa sehemu ya ujira lau wangekubaliana hivyo mwanzoni. Kilichotolewa kwa wema wa mjomba hakiwezi kugeuzwa mshahara leo kwa kuwa deni limeonekana.

Qur'ani Tukufu, katika Surat al-Qasas, imetuonyesha mkataba wa kazi baina ya watu waliokuwa wakielekea kuwa jamaa. Mzee wa Madyan alipomwajiri Nabii Musa (A.S.), naye alikuwa anataka kumwoza binti yake, hakumwambia “nitakuona”. Alitaja muda wa miaka minane, na kumi ikiwa Musa mwenyewe atapenda, akaahidi kutomtaabisha. Kabla ya hapo binti alikwisha kumweleza baba yake sifa za mwajiriwa bora: nguvu na uaminifu. Ukwe haukuwazuia kuyataja masharti waziwazi.

Tunakumbuka pia hadithi ya watu watatu waliofungiwa na jabali pangoni, waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mmoja wao alikuwa ameajiri vibarua, na mmoja wa vibarua hao akaondoka bila kuchukua ujira wake. Mwajiri aliuzalisha ujira ule hadi ukawa mifugo mingi, na kibarua aliporudi akakabidhiwa yote. Kwa amali hiyo mwajiri alimwomba Mola wake, na jabali likasogea. Kinyume chake, katika hadithi al-Qudsi Allah (S.W.) ametaja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na miongoni mwao ni aliyemwajiri mtu, akaitimiza kazi yake, asimpe ujira wake.

Kwa wale vijana wawili wapya, tulimnasihi ndugu yetu mambo manne.

Kwanza, aandike. Surat al-Baqara inatuamrisha kuyaandika madeni ya muda, na mshahara wa mwisho wa mwezi ni deni la muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya kazi, saa na malipo. Ukizuka mgogoro na mwajiri hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye.

Pili, ujira ujulikane. Baadhi yetu humwambia kibarua, “Utachukua sehemu ya mafuta utakayokamua.” Wanazuoni waliijadili sura hii zamani kwa mfano wa msaga nafaka anayelipwa unga wa nafaka ileile. Mashafii na Mahanafi wameikataza. Mahanbali wameilegeza ikiwa sehemu yenyewe inajulikana. Lililo salama ni kutaja shilingi, nazo zisipungue kima cha chini kinachotangazwa na serikali kwa sekta husika.

Tatu, ahesabu mwaka mzima. Alizeti huvunwa katikati ya mwaka, na miezi hiyo mashine hailali. Lakini masika mshahara bado utadaiwa. Kwa mfano tu, kijana wa shilingi 250,000 kwa mwezi ni shilingi 3,000,000 kwa mwaka. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu ya mchango huo. Nusu ya mwajiri ni shilingi 300,000, hivyo jumla inafika 3,300,000. Bado kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri peke yake huuchangia, na mkanda wa mashine hauchagui kidole cha kukata. Asiyeweza kubeba hesabu hii kwa vijana wawili, na aanze na mmoja.

Nne, asiwachoshe. Sheria imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa watumishi ni ndugu zetu, na kwamba tukiwatwika kazi nzito tuwasaidie. Nyakati za swala hazimo katika saa alizoziuza mfanyakazi, hivyo asikatwe ujira kwa ajili yake. Na akiwa si Muislamu, haki yake ya ujira ni ileile. Mtume (S.A.W.) katika Hijra yake aliajiri kiongozi wa njia ambaye hakuwa Muislamu, akamwamini.

Kuhusu mpwa, tulimshauri akae naye mbele ya mzee mmoja wa ukoo, waulizie vijana wa mashine nyingine walilipwa kiasi gani misimu ile, wakubaliane na waandike. Kijana akipenda kusamehe sehemu, ni hiari yake. Lakini msamaha unaotolewa kwa kumwonea mjomba haya si ridhaa.

Ndugu yetu alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama anaweza kulipa kidogo kidogo. Tukamjibu kuwa inafaa, maadamu kijana ameridhia, na kwamba aanze kulipa deni hilo kabla hajawaita wale wawili.

Enyi wazazi, mnapompeleka kijana kwa mjomba au ami yake “akajifunze biashara”, ulizeni siku ileile: atalipwa nini, na lini? Swali hilo si utovu wa adabu, bali linauhifadhi udugu. Nanyi mnaoajiri, msingoje kuulizwa.

Wabillahi tawfiq.