Kauboi Mwenye Chaki

Katika shule ya bweni niliyosomea, Jumamosi usiku ulikuwa usiku wa filamu. Televisheni ya pekee tuliyokuwa nayo, iliyofungiwa ndani ya kisanduku cha vyuma mithili ya mahabusu hatari, iliwekwa juu ya meza mbili zilizobebana, nasi tukajazana bwaloni kila mmoja na kiti chake. Mwalimu wa zamu aliketi kando ya televisheni. Kazi yake ilikuwa moja tu: kusimama mbele ya kioo kila ilipotokea picha ambayo yeye aliiona haifai kutazamwa na vijana. Zipo filamu za miaka ile ambazo hadi leo siwezi kukusimulia kisa chake, maadamu sehemu kubwa niliyoiona ilikuwa mgongo wa mwalimu.

Kisha ikaja Jumamosi moja ambapo mwalimu hakusimama hata mara moja. Filamu yenyewe ilikuwa ya makauboi, nayo ilianza kwa mtu mvivu kupindukia, amejilaza juu ya machela inayoburutwa na farasi jangwani. Mtu huyo akaingia katika nyumba moja, akala sufuria nzima ya maharagwe bila kusema neno. Sisi tuliokuwa tukila maharagwe siku sita kwa juma tulipiga kelele hadi madirisha yakatetemeka. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani ajipanguse machozi. Sikupata kumwona akicheka kabla ya usiku huo, wala baada yake.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba ile ilikuwa filamu ya Waitaliano, iliyotoka mwaka 1970, na kwamba yule mvivu Trinity, pamoja na kaka yake mnene anayejifanya sherifu ilhali ni mwizi wa farasi, walikuwa Waitaliano halisi waliojipa majina ya Kimarekani. Terence Hill ni Mario Girotti. Bud Spencer alikuwa Carlo Pedersoli, mwogeleaji aliyeiwakilisha Italia katika Michezo ya Olimpiki ya 1952 na 1956. Mwelekezi wao, Enzo Barboni, ndiye aliyekuwa ameshika kamera katika filamu ya Django ya mwaka 1966, ambayo damu yake ilimwagika kiasi cha kuzuiwa katika baadhi ya nchi. Mtu aliyejua vyema namna ya kupiga picha za maiti aliamua kutengeneza filamu ambamo wabaya wanapigwa makofi, wanaanguka kwenye meza, kisha wanainuka wakipapasa mataya. Watu walimiminika kuitazama, na ile iliyoifuata mwaka 1971 ikawa miongoni mwa filamu zilizopata fedha nyingi zaidi katika historia ya sinema ya Italia.

Nimeanza mbali, msomaji, kwa sababu nilimkumbuka mwalimu yule sikukuu ya Desemba iliyopita, nilipojikuta mimi ndiye mwalimu wa zamu. Mama mkwe wangu alikuwa ametutembelea. Wajukuu zake walitaka filamu, naye akataka kukaa na wajukuu zake. Aliyewahi kukaa sebuleni na mama mkwe huku televisheni ikiwaka anajua hofu ninayoitaja. Waigizaji wawili wanatazamana kwa muda mrefu kidogo, muziki unashuka, nawe unaanza kuitafuta rimoti chini ya mto wa kiti, au unakumbuka ghafla kwamba kuna ng'ombe wa kuangaliwa, hata kama huna ng'ombe. Si suala la ushamba. Heshima baina ya mkwe na mkwe ina mipaka yake, na mipaka hiyo haijui kwamba filamu imetoka Hollywood.

Basi nikachagua filamu ya kauboi ya kuchekesha iliyotoka mwaka 1969, iitwayo Support Your Local Sheriff!, iliyoelekezwa na Burt Kennedy na kuandikwa na William Bowers. Nilikuwa nimeiona mara mbili kabla ya hapo na nikaamini kwamba haina la kumfukuza mtu sebuleni. (Imo nyumba moja ya akina dada fulani, lakini mambo yake hayaonyeshwi, na mama mkwe aliidhania kuwa hoteli. Sikuona haja ya kumsahihisha.)

Kisa chenyewe kinaanzia makaburini, huko Colorado. Watu wanamzika mwenzao, mara dhahabu inang'aa ndani ya kaburi, na maombolezo yanageuka kuwa masumbwi. Panaota mji. Mji unajaa fedha na unakosa sheria. Ukoo mmoja wa mabavu, ukoo wa Danby, umeikalia barabara pekee ya kusafirishia dhahabu na unatoza asilimia 20 ya kila mzigo. Ndipo anapotokea mgeni, ameigizwa na James Garner, ambaye humweleza kila anayemuuliza kwamba yeye yuko safarini kwenda Australia, na kwamba hapa anapita tu. Anaichukua kazi ya sherifu kwa sababu anahitaji fedha. Siku hiyo hiyo anamkamata kijana mmoja wa ukoo wa Danby, aitwaye Joe, ambaye amemwua mtu mbele ya macho yake.

Hapa ndipo filamu inaponigusa mimi ninayekula mkate kwa isimu. Korokoroni mpya ya mji ina kuta, ina kitanda, lakini haina vyuma. Vyuma havijafika. Sherifu anachukua chaki, anachora mstari sakafuni mahali ambapo vyuma vingekuwa, kisha anadondosha matone ya rangi nyekundu karibu na mstari na kumwacha mahabusu aamini kwamba mwenzake fulani alijaribu kuuvuka. Joe, muuaji anayeogopwa na mji mzima, anaketi nyuma ya mstari wa chaki na hatoki.

Wajukuu walicheka, halafu mdogo wao wa miaka minane akauliza swali ambalo ningefurahi kulisikia katika mhadhara wangu wa mwaka wa kwanza: "Kwani kwa nini asitoke tu?"

Nilikuwa nikikusanya maneno ya kitaalamu. Mama mkwe akanitangulia. "Mjukuu wangu," alisema, "shuleni kengele ikilia wewe huingia darasani. Nani huwa amekufunga kamba?"

Kila mwanafunzi wa Kiswahili amekaririshwa kwamba lugha ni mfumo wa sauti za nasibu. Nasibu maana yake ni kwamba hakuna kitu chochote ndani ya sauti za neno "mti" kinachofanana na mti. Tumekubaliana tu, na kukubaliana huko kunatubana kuliko tunavyodhani. Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1962, alionyesha kwamba yapo maneno ambayo hayaelezi jambo bali yanalitenda: kadhi anaozesha, hakimu anahukumu, mzee wa mtaa anafungua mkutano. Nimeifundisha nadharia hiyo kwa miaka mingi nikitumia mifano ya mahakama na ya harusi, na macho ya wanafunzi yakizidi kuwa mazito. Mstari wa chaki unaifundisha kwa dakika tatu. Joe hazuiwi na chaki. Anazuiwa na fikra kwamba mstari ni ukuta, na matone yale yamewekwa ili fikra hiyo isipoe.

Na ukiitazama filamu hiyo kwa jicho hilo, utaona kwamba karibu kila kichekesho chake kimejengwa hivyo. Baba mzazi wa Joe anaingia ofisini akimwelekezea sherifu bastola usoni. Sherifu hanyanyui mikono. Anachopeka kidole chake ndani ya mtutu wa bastola, na mzee anabaki ameduwaa, kwa kuwa mchezo aliouzoea una kanuni zake na mwenzake amekataa kuzifuata. Anapotumwa mwuaji wa kukodiwa, sherifu anamfukuza kwa kumrushia mawe kama mtu afukuzaye mbwa aliyeingia jikoni. Bastola anaweza kuitumia, tena kwa shabaha ya ajabu. Ila anaona ni usumbufu. Utani huo unanoga zaidi kwa anayezijua filamu za makauboi za awali. Walter Brennan, anayeigiza baba wa ukoo wa Danby, ndiye aliyekuwa baba katili wa ukoo wa Clanton katika My Darling Clementine ya mwaka 1946. Jack Elam, msaidizi wa sherifu mwenye jicho la upogo, alikuwa ameigiza majambazi kwa miaka na miaka. Wamepewa sura zao zile zile ili wajicheke.

Wapo wanaosema kwamba filamu za aina hii ni za kitoto, na kwamba ukweli wa nchi ile uko katika filamu zenye damu. Mwaka huo huo wa 1969 Sam Peckinpah alitoa The Wild Bunch, ambayo inaanza kwa mauaji na kumalizikia kwa mauaji makubwa zaidi. Marekani ilikuwa vitani Vietnam, na ile kanuni kali ya maadili iliyoibana Hollywood tangu miaka ya 1930 ilikuwa imeondolewa mwaka 1968. Siibezi filamu ya Peckinpah. Hata hivyo, inaiamini bastola kwa dhati. Inaililia na kuitukuza kwa pumzi moja. Filamu ya Kennedy haiiamini kabisa. Sijui ni ipi kati ya hizo mbili inayostahili kuitwa ya kitoto, ila najua ni ipi inayomtisha mbabe. Mbabe huzoea kuchukiwa. Kuchekwa hakuzoei.

Walimu wataniuliza kama nimesahau darasani kulivyo. Sijasahau. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001, na sheria ya elimu ya 2013 ikalisisitiza katazo hilo, lakini hadi leo katika vyumba vya walimu utasikia mjadala uleule: bila kiboko, mtoto atazuiwa na nini? Swali hilo ni la haki, na aliyewahi kusimama mbele ya wanafunzi sabini hawezi kulicheka. Nasema tu kwamba mwalimu wangu wa zamu, aliyekuwa na kiboko na alijua kukitumia, alitushika zaidi usiku ule alipoketi na kucheka nasi. Jumatatu yake alifundisha ngeli, na hakuna aliyesinzia.

Ningetamani kuishia hapo, lakini mama mkwe hakuishia hapo. Filamu ilipokwisha alikuwa ameridhika. Yule msaidizi wa sherifu alikuwa amekwisha kutugeukia sisi watazamaji na kutueleza kwamba shujaa alioa, akawa gavana wa Colorado, na kwamba hakufika Australia bali alisoma habari zake tu. Mama mkwe alikunywa chai yake, kisha akaniuliza: "Mwalimu, na wenye nchi walikuwa wapi?"

Nilimwambia kwamba wenye mji ni wale wachimbaji. Akatikisa kichwa. "Wale wamekuja jana. Kaburi wamelichimba la kwanza, wakakuta dhahabu. Mimi nauliza makaburi ya zamani."

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu katika filamu nzima jibu hilo halimo. Hakuna hata Mhindi Mwekundu mmoja, kama tulivyofundishwa kuwaita. Hakuna Mcheyenne wala Marapaho. Filamu nyingine za kuchekesha za aina hiyo, kama The Paleface ya mwaka 1948, zinawatia ndani ili wachekwe. Hii imewaondoa kabisa, na kwa muda mrefu nilidhani kuondolewa huko ni adabu. Colorado ilikuwa na wenyewe. Mkataba wa Fort Laramie wa 1851 uliitambua mashariki yake kuwa nchi ya Wacheyenne na Waarapaho. Dhahabu ilipatikana mwaka 1858. Kufikia 1861 mkataba mwingine ulikuwa umewabanisha katika kijisehemu. Tarehe 29 Novemba 1864, huko Sand Creek, askari wa Kanali John Chivington waliivamia kambi yao na kuua watu wapatao 230, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Chifu wao, Black Kettle, alikuwa amepandisha bendera ya Marekani juu ya hema lake, kwa kuwa aliambiwa kwamba bendera hiyo ingemlinda.

Niliyasimulia hayo jioni ya pili, watoto wakisikiliza. Nilipofika kwenye bendera, mama mkwe alisema "eehe" kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuwa akingoja jina litajwe. Baba yake alikuwa skwota katika shamba la mlowezi Bonde la Ufa, na katika fujo za 1953 aliamrishwa kurudi "kwao" Kikuyu, mahali ambapo hakupata kuishi. Alikuwa na kipande chake shingoni, na alidhani kipande hicho kingemtetea. Mama mkwe mwenyewe alikuwa mtoto wa mgongoni. Anayajua hayo kwa kusimuliwa, na aliyasimulia kwa ufupi, bila kulia, huku akimenya viazi.

Nilidhani basi filamu ile imekwisha kuharibika, nikaanza kutafuta nyingine. Ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyeniomba niirudie, usiku wa kuamkia safari yake. Alisema anataka "ile ya chaki". Mazishi ya mwanzo aliyatazama kimya, mikono mapajani. Lakini sherifu alipoinama na chaki yake, alianza kucheka kabla mstari haujafika ukutani.