Usilale na jiko garini

Ukipiga kambi Naivasha au Nanyuki katika gari lenye kitanda, baridi ya usiku itakushawishi ufunge madirisha na kuuacha mkaa ukiwaka. Usithubutu! Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala aweza kufa bila kuamka. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, wengi wetu hudhani ni malaria! Mkiyahisi, tokeni nyote nje, kisha mwende hospitali mkapewe oksijeni. Nunua king'ora cha gesi hii, ukifunge karibu na kitanda. Kile cha moshi hakiitambui. Nalo jiko lilale nje, hata likibaki na makaa machache tu.