Kuuhamisha Mlango Si Kuufunga

Katika miaka yote ya kazi yangu ya mitandao hakuna swali lililonijia mara nyingi kama hili: mtu aliye safarini, akitaka kuiendesha kompyuta aliyoiacha nyumbani, auhamishe mlango (port) wa 3389, ambao Windows huutumia kwa kazi hiyo, aupe namba ipi ili wezi wa intaneti wasiuone? Juma lililopita niliulizwa tena, na muulizaji, mtu mwenye elimu yake, alikwisha chagua 50123 kwa sababu jirani alimhakikishia kuwa hakuna atakayeibahatisha. Nasema waziwazi, ijapokuwa wapo watakaochukia, kwamba dawa hii haitibu, na anayeisifu humdhulumu anayemwamini.

Anwani moja ya intaneti ina milango 65,535 ya namna hiyo, hesabu inayomtisha anayegonga kwa mkono. Lakini wezi hawagongi kwa mkono. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan walidhihirisha, kwa programu yao iitwayo ZMap, kuwa kompyuta moja yenye intaneti ya kasi yaweza kugonga mlango mmoja katika kila anwani ya IPv4 duniani, nazo ni mabilioni, kwa muda usiotimia dakika 45. Basi milango yote ya nyumba moja itachukua muda gani kupekuliwa? Tena mlango ukishaguswa hujitaja wenyewe, maana lugha inayojibu ni ile ile: muuza kahawa akihamia mtaa mwingine, mlio wa vikombe vyake humtambulisha vile vile.

Wengine hujitetea kwamba neno lao la siri ni refu. Neno refu ni jema, wala silidharau. Lakini Mei 2019 Microsoft ilitangaza kasoro iliyokuja kuitwa BlueKeep, ambayo ilimwezesha adui kuingia katika Windows za zamani kwa njia ya huduma hii hii kabla hajaulizwa jina wala neno la siri, na hatari ilikuwa kubwa hata kampuni ikatoa kiraka kwa Windows XP, ambayo ilikwisha acha kuihudumia tangu 2014. Ufunguo una faida gani iwapo ukuta wenyewe una tundu? Na dhara kubwa kupita yote ya itikadi hii ya kuhamisha mlango ni kumtuliza mtu moyo, akaacha kuweka viraka vya usalama, akidhani amejificha.

Swali la haki ni hili: nitafikaje nyumbani pasipo kuacha mlango wowote unaomjibu mgeni asiyejulikana? Ufunge mlango wa 3389, au namba yoyote uliyouhamishia, katika rauta leo. Weka njia ya faragha (VPN) kwa programu ya WireGuard. Na kama mtandao wako wa simu huwapa wateja wengi anwani moja, tumia Tailscale, kwa kuwa hapo kompyuta ya nyumbani ndiyo itokayo kutafuta njia, wala haingoji kubishiwa hodi. Windows ya toleo la Home haipokei wageni wa 3389 kabisa. Mwenye nayo atumie RustDesk au Chrome Remote Desktop. Ukihitaji faili tu, SSH yenye funguo badala ya neno la siri, ikipita katika njia hiyo ya faragha, yatosha. Akaunti zako zote zidai uthibitisho wa pili. Izuie kompyuta isilale, na katika BIOS iamuru iwake yenyewe umeme ukirudi. Na mtu usiyemjua akikupigia simu, akadai ni fundi, akakuomba namba za programu kama RustDesk, kata simu papo hapo: namba hizo ndizo ruhusa yenyewe, na mwenye ruhusa hana haja ya kuvunja mlango.